Kukagua mfereji mkuu kwa miguu, kutoka mkiani hadi kwenye banio

Mwongozo huu unawahusu viongozi wa skimu za umwagiliaji na wagawa maji wa bonde la Usangu, wilayani Mbarali, hasa wale ambao mfereji wao hupita kwenye makazi ya watu kabla ya kufika majarubani (vipande vya mashamba ya mpunga), na hulazimika kupenya chini ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam au chini ya reli ya TAZARA.

Hatua ya 1: Anzia mkiani. Wengi huanzia kwenye banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na kuteremka na maji. Mimi nashauri kupanda, kwa sababu anayeanzia juu huona maji mengi akaridhika, na akifika kwa wakulima wa mwisho amekwisha kuchoka. Anayeanzia chini huuona upungufu kwanza, kisha kila lango analolipita hulitazama akijiuliza maji yameishia wapi. Ondokeni alfajiri, mkiwa wawili au zaidi, mmevaa gambuti na kubeba fimbo ndefu, jembe, futi ya kupimia, saa na daftari.

Hatua ya 2: Pita juu ya tuta la upande wa bondeni. Tuta hilo ndilo linalobeba uzito wa maji, na dalili za ugonjwa wake huonekana kwa nje, kwenye kitako chake. Wakati wa kiangazi, nyasi mbichi mahali ambapo kila kitu kimekauka ni alama ya mvujo; tafuta pia matundu ya kaa na panya. Chota maji yanayovuja kwa kiganja na uyatazame vizuri. Yakiwa maangavu, weka alama na uendelee. Yakiwa na tope, udongo wa ndani ya tuta unachukuliwa na maji, kwa hiyo mfereji upunguzwe maji na tuta lizibwe siku hiyohiyo, kwani shimo la namna hii hupanuka lenyewe hadi tuta likatike.

Hatua ya 3: Kagua vivuko vya watembea kwa miguu. Hapa hukwama matete, chupa na mifuko. Wasalimie wanaofua na kuchota maji kabla ya kuwauliza lolote, maana wao hujua ni saa ngapi maji yalipungua. Usiingie majini bila sababu: konokono wanaoeneza kichocho hupenda sehemu zenye magugu na maji ya polepole, na hatari huzidi mchana jua likiwa kali.

Hatua ya 4: Pima karavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara au reli, bila kuingia ndani. Kwenye mdomo wa kuingilia, pima kutoka ukingo wa zege hadi usawa wa maji. Fanya vivyo hivyo kwenye mdomo wa kutokea. Tofauti ikiwa inaongezeka kutoka ukaguzi mmoja hadi mwingine, karavati linaziba. Mfereji ukiwa umefungwa, chuchumaa mdomoni na utazame mwanga wa upande wa pili: ukiona duara limekatwa sehemu ya chini, huo ni mchanga uliolala. Hata hivyo usiingie, kwa kuwa humo huweza kuwa na nyoka au hewa mbaya, na mtu wa banioni anaweza kufungulia maji bila kujua uko wapi. Mahali ambapo maji huzama upande mmoja na kuibukia upande wa pili, usisimame kamwe ndani ya maji karibu na mdomo, kwa sababu mvuto wake humzidi nguvu mtu mzima. Reli ivukwe kwenye kivuko chake tu.

Hatua ya 5: Pima mtiririko. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10 chenye kuta za zege, tupia kijiti, na uhesabu sekunde. Kikitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 upate kasi ya wastani, yaani 0.34. Kisha zidisha kasi hiyo kwa upana na kina cha maji: ikiwa upana ni mita 1.5 na kina mita 0.4, hupita takriban lita 200 kwa sekunde. Pima chini na juu ya kila eneo unalolitilia shaka, ukitoa kiasi kinachochukuliwa na malango yaliyo katikati. Kinachobaki bila maelezo ndicho kinachopotea.

Hatua ya 6: Malizia banioni. Linganisha ufunguzi wa lango na ratiba ya zamu, kisha hakikisha kwamba maji ya ziada yanarudi mtoni. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu miaka ya 1990, na mto huohuo ndio unaopeleka maji kwenye bwawa la umeme la Mtera. Kabla ya jioni, mkabidhi katibu wa skimu orodha ya mahali pa kukarabati, ukitanguliza matuta yanayovuja tope.