Premio yako ifike kilomita laki tatu bila kufungua injini

Wengi tunanunua Toyota Premio ya injini ya lita 1.5 kutoka Japani ishatembea kilomita laki na kitu, halafu tunaanza kuiendesha bila hata kujua ndani kuna oili gani. Anza hapo. Siku ya kwanza mwaga oili, weka mpya na filta mpya, andika namba ya kilomita kwenye karatasi ubandike karibu na mlango, kisha rudia kila kilomita 5,000, hasa kama ni foleni na vumbi kila siku.

Injini yake, inaitwa 1NZ, inatumia cheni ya taimingi (ile inayofanya vali zifunguke kwa wakati wake), sio mkanda, so hakuna kubadilisha mkanda kila kilomita laki, ila hiyo cheni inategemea oili safi, ukizembea inalegea na utaisikia inapiga kelele asubuhi ukiwasha.

Rejeta usijaze maji ya bomba jamani!! Yanaleta kutu na uchafu unaoziba njia, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Mshale wa temperecha ukipanda simama hapohapo, zima, na usifungue mfuniko ikiwa ya moto, utaungua. Gari nyingi zinakufa kwa sababu dereva alisema "nifike tu nyumbani".

Giaboksi nayo: kama ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda na puli) weka oili ya CVT, usikubali fundi akuwekee ya gia otomatiki ya kawaida eti zote ni hydroliki. Bushi na shokapu badilisha mapema, zikichoka zinakula matairi.