Kabla Hujabana

Mwanamke akiingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza, mara nyingi huketi ukingoni mwa kiti na kusema anaumwa mgongo. Nami nautazama mgongo. Zikipita dakika kumi hivi, anapoanza kufunga mkoba wake, ndipo linapotoka: "Halafu dada, nikikohoa mkojo unanitoka." Siku hizi namuuliza mwenyewe mapema, kumpunguzia mzunguko.

Ninafanya fiziotherapia, na kazi yangu kubwa ni sakafu ya nyonga. Nilianzia kwenye magoti ya wanamichezo. Kilichonihamisha ni chafya yangu mwenyewe, miezi mitatu baada ya uzazi wa pili, nikiwa nimesimama mbele ya mgonjwa na sare nyeupe. Cheti cha kazi ninacho, na bado nilidhani nikikaza tu yatakwisha. Nilikaza wiki sita nzima, tena vibaya.

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli lililotandazwa chini ya nyonga, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, mfano wa machela. Ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo, na njia zote tatu zinapita humo: ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa. Ni misuli kama ya mkono. Inalegea, inachanika, na pia inaweza kukakamaa kwa kubanwa kutwa. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui, na ndilo linaloharibu mazoezi yao.

Kwa hiyo tunaanza kwa kuachia. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka kiganja kwenye mbavu za chini. Vuta pumzi mpaka kiganja kisogee, na wakati huohuo acha kila kitu kule chini kilegee: matako, mapaja, msamba. Usikaze chochote bado. Fanya hivyo pumzi kumi. Wapo wanaoshtuka kugundua kuwa wamekuwa wakibana tangu walipoamka.

Sasa, ukitoa pumzi, funga njia ya haja kubwa kama unayezuia hewa mbele za wakwe, kisha uulete mfungo huo mbele kama unayezuia mkojo. Utahisi kitu kinapanda ndani. Hesabu hadi 3 huku ukiendelea kupumua, halafu achia mpaka mwisho. Katika kuachia chukua muda uleule wa kukaza, au zaidi. Kama matako yameinuka, mapaja yamegusana au pumzi imekwama kifuani, umekaza vingine vyote isipokuwa kile tunachokitafuta.

Njia rahisi ya kujihakiki ni kioo kidogo cha mkononi. Ukikaza, msamba unapaswa kuingia ndani na kupanda. Ukiuona unavimba kuja nje, unasukuma. Acha, pumua, anza upya. Nikitaja kioo watu hucheka au hutazama ukutani. Lakini mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 47 waliokuwa wameelezwa zoezi hili kwa mdomo tu: asilimia 49 ndio waliokaza sawasawa, na robo walikuwa wakifanya jambo linaloweza kuzidisha kuvuja. Mimi na wiki zangu sita tungeingia kwenye hiyo robo. Nilikuwa nakaza tumbo na kusukuma chini, kwa bidii zote.

Hata Arnold Kegel, daktari wa Marekani ambaye mazoezi haya yamebeba jina lake, alipoyaandika mwaka 1948 alikuwa na kifaa kinachoingizwa ukeni kumwonyesha mwanamke nguvu ya mkazo wake. Jina lilisafiri, kifaa kikabaki nyuma.

Ukishapatia, kipimo kilichomo kwenye mwongozo wa tiba wa Uingereza kwa mkojo unaotoka ukikohoa au kuruka ni mikazo angalau 8, mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3, na uwe na mtu wa kukusimamia. Ongeza kidogokidogo kutoka hesabu ya 3 kwenda 8 au 10, kadiri unavyoweza bila kushika pumzi. Changanya na mikazo ya harakaharaka: kaza, achia, kaza, achia. Anayeniambia katika wiki ya pili kuwa "haifanyi kazi" namuuliza kama angetegemea mguu uliotolewa plasta upige mpira baada ya wiki mbili.

Na hiki nilikijua nikiwa nimechelewa: chafya ikikaribia, kaza kwanza, ndipo upige. Vivyo hivyo kabla ya kukohoa au kuinua mtoto. Wenye kuvuja kidogo wanaweza kuona tofauti hata ndani ya wiki moja, kwa sababu hapo si nguvu tu, ni kuwahi.

Mambo matatu naomba uyaache. La kwanza, kukatiza mkojo katikati kila unapokwenda chooni ukidhani ni mazoezi. Kujaribu mara moja kuujua msuli, sawa. Kuufanya mchezo wa kila siku kunaweza kukiacha kibofu hakijamaliza. La pili, kwenda haja ndogo "nisije nikabanwa njiani" wakati huna haja. Kibofu hujifunza, na baada ya muda kinapiga kelele kikiwa nusu. La tatu, kukwepa maji. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu unasukuma, na kusukuma ndiko kunakoishusha hiyo sakafu. Ukikaa chooni, pandisha miguu kwenye kistuli kifupi, egemea mbele, pumua nje.

Nasikia pia, "Mimi nilipasuliwa, hayanihusu." Upasuaji hupunguza hatari, lakini mimba yenyewe ilikaa juu ya misuli hiyo miezi tisa. Wasichana ambao hawajazaa huvuja pia, hasa wanaoruka na kukimbia sana. Na mama aliyekoma hedhi miaka mingi iliyopita bado msuli wake hujibu mazoezi. Mwenye bidii kuliko wagonjwa wangu wote mwaka huu ana wajukuu wakubwa. Kuvuja ni jambo la kawaida kwa maana ya kuwapata wengi. Si la kawaida kwa maana ya kwamba uliache.

Kuhusu vitu vya kupaka au kuingiza vinavyouzwa kwa ahadi ya "kukaza uke": vinaweza kukausha au kuchubua ngozi. Msuli hausikii krimu.

Wapo ambao nawakataza kukaza. Kama tendo la ndoa linakuuma, kama mkojo unachelewa kuanza au unahisi haujaisha, kama choo kinakwama mlangoni, huenda misuli yako imekakamaa. Kuibana zaidi ni kukunja ngumi iliyokwisha kukunjwa. Baki na zile pumzi kumi, kisha onana na mtaalamu.

Kwetu hakuna masaji ya starehe, na hakuna anayekurukia na glovu. Kwanza ni maswali. Kisha ninaangalia unavyosimama, unavyopumua, unavyokohoa. Uchunguzi wa ndani, ukikubali, ni kidole kimoja chenye glovu, taratibu, na neno "acha" linasimamisha kila kitu. Ukikataa, tunatazama kwa nje au kwa mashine ya altrasaundi juu ya tumbo. Una haki ya kuja na dada yako, shoga yako, yeyote.

Lakini kuna yasiyo ya mazoezi. Mkojo unaotiririka mchana na usiku baada ya uchungu wa muda mrefu unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji. Usipoteze miezi ukikaza. Damu kwenye mkojo, au homa na mkojo unaochoma, nenda kwa daktari. Ganzi sehemu za siri pamoja na mkojo kukwama au miguu kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, njoo upimwe: kizazi kilichoshuka kidogo hupata nafuu kwa mazoezi, au kwa pesari, kifaa kinachowekwa ukeni kukishikilia, na si wote wanaoishia kupasuliwa.

Kabla ya miadi ya kwanza, andika siku 3 mfululizo: umekunywa nini na saa ngapi, umekwenda chooni mara ngapi mchana na usiku, umevuja lini na ulikuwa ukifanya nini. Karatasi yoyote inatosha. Hilo la mkojo liandike mstari wa kwanza kabisa. Mgongo weka chini yake, kama kweli unauma.