Maganda ya mbono na mabaki ya uyoga mamama: jaribu kusafisha maji ya rangi

Ukishakamua mbono kwa ajili ya dizeli usitupe maganda. Mashudu weka pembeni, yana sumu, usimpe kuku wala ng'ombe hata iweje. Maganda ndo tunayataka, tuyafanye mkaa wa kushikia kimeng'enya cha uyoga (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachovunja rangi.

Yachome kwenye pipa lenye mfuniko, hewa iingie kidogo tu yawe mkaa yasiwe majivu, na fanyia nje, usikae moshi unakoelekea. Yakipoa twanga, chekecha, baki na chenga kama za mchele. Hapa ndo panahitaji subira: mkaa mpya una majivu, na majivu yanapandisha pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi), wakati kimeng'enya chetu, lakasi, kinapenda uchachu kidogo, pH 4 mpaka 6 hivi. Kwa hiyo osha mkaa na maji ya mvua, loweka kwenye maji yenye siki, suuza, pima na karatasi ya pH, rudia tena mpaka isome kama 5.

Lakasi tunaipata kwa wakulima wa mamama, waombe mifuko ya mabua waliyooteshea uyoga, iliyokwisha kuvunwa. Uyoga ule unaitoa ili uvunje lignini, ile inayoyakaza mabua, sisi tunadandia tu. Chukua mfuko mweupe usio na ukungu wa kijani, fikicha, kopo 1 la mabaki kwa makopo 5 ya maji baridi ya mvua, koroga saa nzima, chuja na kitambaa. USICHEMSHE, joto linakiua. Tia mkaa humo, tikisa, acha ulale humo usiku kucha, kwa baridi ya huku Uyole, Mbeya, friji ya nini, asubuhi chuja na suuza.

Sasa kupima. Chukua maji ya khanga mpya inayochuja rangi, sio maji ya batiki, yale yana kostiki na haidro, kemikali za kutilia rangi, ukitia siki inatoka gesi mbaya. Weka chupa 3: mkaa wenye lakasi, mkaa mtupu, na mkaa uliolowekwa kwenye maji ya uyoga yaliyochemshwa. Mkaa wenyewe unanyonya rangi, bila hizo mbili za kulinganisha utajisifia bure. Tikisa mara kwa mara, lakasi inatumia oksijeni. Rangi ikiisha mwaga, weka maji mengine ya rangi. Mkaa mtupu utajaa uchoke, wenye lakasi ukichoka nao pamoja basi kimeng'enya hakikushika au kilishakufa. Maabara wanakifunga kwenye mkaa kwa kemikali ya glutaraldehaidi kisisombwe na maji, nyumbani achana nayo, ni kali.

Na maji hayo hayanyweki, lakasi haiondoi metali nzito wala haiui vijidudu.