Pima “kwa nini”, si fomula
Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa baiokemia ameelewa vimeng'enya (vichocheo vya mimenyuko ya kemikali katika viumbe hai) kweli, usimwombe aandike mlinganyo wa Michaelis-Menten, unaohusisha kasi ya mmenyuko na kiwango cha sabstreti (kemikali ambayo kimeng'enya huifanyia kazi); huo hukaririwa usiku mmoja. Mpe jedwali la kasi ya mmenyuko katika viwango tofauti vya sabstreti, pasipo kizuizi (kemikali inayopunguza kazi ya kimeng'enya) na penye kizuizi, achore grafu mwenyewe. Vmax (kasi ya juu kabisa) ikibaki palepale na Km (kiwango cha sabstreti kinachotoa nusu ya kasi hiyo) ikapanda, aseme kizuizi kinashindania na sabstreti kituo tendaji (sehemu ya kimeng'enya ambapo sabstreti hushika), kisha aeleze kwa nini kuongeza sabstreti hukizidi nguvu. Maelezo hayo ndiyo yabebe alama nyingi. Mwaka wa mwisho mrudishie swali la aina hiyohiyo, ulinganishe maelezo yake, maana jumla ya alama 65 haikuonyeshi ni lengo gani la ujifunzaji halijafikiwa.