Chumba cha darini kwenye nyumba ya kale: anza na ngazi

Siku ya kwanza nilipopanda darini kwetu Leicester, England, tochi mkononi, nilikuta masanduku matatu yasiyo yetu. Nikamulika mbele: hakuna ukuta. Paa letu na la bibi wa jirani ni moja, wazi kama ukumbi. Bibi huyu ni Mgujarati aliyefika mwaka 1972 akitokea Uganda, na Kiswahili chake hakijaenda popote. "Wewe fundi," akaniambia, "sanduku yangu usiguse."

Basi kama una nyumba iliyoshikana na nyingine, ya zama za Malkia Victoria, kabla hujachora chumba chochote panda umulike ukuta wa pamoja. London sheria ya 1774 iliwalazimisha wajenzi kuupandisha mpaka upite paa. Kwingineko si wachache waliojibania matofali wakaishia usawa wa dari. Moto ukishika kwa jirani, unakuja kwako juu kwa juu bila kubisha hodi. Sisi tuliujenga mpaka chini ya vigae, na nafasi za juu tukazishindilia pamba ya madini, yaani nyuzi za mawe zisizoungua. Kwa kuwa ukuta ni wa wawili, sheria ya 1996 inataka umpe jirani notisi ya maandishi miezi miwili kabla. Mimi nilipeleka na sambusa.

Sasa ngazi. Kazi yenyewe iko hapa, si kwenye chumba. (Nasema habari za England, Scotland wana kanuni zao.) Nyumba ya ghorofa moja ukiiongezea chumba darini, sakafu yake mpya kwa kawaida inapita mita 4.5 kutoka ardhini. Chini ya kimo hicho kanuni zinakubali mtu atokee dirishani, mradi likifunguka liache nafasi ya mita za mraba 0.33, na upana na urefu wake visipungue milimita 450. Juu ya kimo hicho dirisha halihesabiwi tena. Fundi wa kwanza tuliyemwita alituambia dirisha kubwa la paa linatosha. Alikunywa chai, tukaagana.

Kinachotakiwa ni ngazi iliyofungiwa kama kisanduku, kuanzia mlango wa darini hadi mlango wa nje, kuta zake zihimili moto dakika 30. Kwa hiyo kama mwenye nyumba wa kabla yako alibomoa ukuta wa ukumbini ili sebule ionekane kubwa, na ngazi sasa inashukia kwenye kochi, jiandae: ukuta unarudi, au unakaa na mkaguzi wa ujenzi mapema mzungumze njia nyingine, kama vinyunyizio vya maji. Mapema ni wakati wa michoro, si baada ya kupiga lipu.

Milango ya vyumba inayofungukia ngazini nayo ihimili moto, angalau dakika 20. Ya dakika 30 ndiyo utakayoikuta madukani kwa urahisi. Milango yetu ya zamani ilikuwa mizuri, fremu nene kabisa, lakini vile vibao vya katikati nilipovipima havikufika milimita 10. Hivyo ndivyo vinavyotoboka kwanza. Mpya ina unene wa milimita 44, bawaba tatu, na utepe kwenye mfuo wa fremu unaovimba ukipata joto ukaziba pengo. Pengo lenyewe liwe kama milimita 3. Mimi hutumia sarafu ya pauni moja: ipite kwa kubanwa kidogo. Ikicheza, mlango umekatwa vibaya. Na usije ukauzuia wazi kwa kabari, umetupa pesa.

Ikiwa nyumba imo kwenye orodha ya majengo ya urithi, usiguse hata bawaba kabla ya kibali. Kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai, hata kwa vitu vya ndani. Huenda ukaambiwa milango ya asili ibaki, uiimarishe kwa rangi maalumu inayovimba. Hapo dai karatasi za vipimo za rangi hiyo, mkaguzi atazitaka.

Sakafu mpya nayo ni dakika 30. Mbao za dari za zamani ziliwekwa kubeba fito na lipu ya chokaa, hazikuwekwa kubeba kitanda, kwa hiyo boriti mpya hupita kando yake. Lipu ya dari iliyolegea usiitegemee kuzuia moto. Na kila tundu unalotoboa kwa ajili ya taa za kuzama ndani ya dari ni njia ya moto, chagua taa zilizopimwa kwa kazi hiyo.

Mwisho ving'ora vya moshi: vya umeme wa nyumba vyenye betri ya akiba, kila ghorofa, vimeunganishwa kimoja kikilia vyote vilie. Vifungwe juu kwenye dari ya kila ghorofa, milimita 300 au zaidi kutoka ukutani na kwenye taa, na visizidi mita 7.5 kutoka mlango wa kila chumba cha kukaa au kulala. Jikoni weka kinachohisi joto badala ya moshi, la sivyo kila chapati ni dharura.

Vyetu nilivijaribu saa tatu usiku, milango yote imefungwa, binti yangu amelala juu. Nilibonyeza kile cha chini. Akashuka mbio na blanketi, na upande wa pili wa ukuta mpya bibi akagonga mara mbili.