Sherehe ya kuwapokea mwaka wa kwanza chuoni

Iwekeni saa 3 asubuhi, usajili ukishakamilika. Mwanafunzi anayehangaikia chumba na fedha za mkopo hasikii hotuba. Umati ukiwa umesimama, maandamano ya majoho huingia wahadhiri wakitangulia, wakuu wa vitivo wakifuata, Makamu Mkuu wa Chuo akiwa wa mwisho. Wakati wa kutoka, yeye huongoza. Jukwaa ndilo huaibisha: kiti kimoja kikipungua, profesa hubaki amesimama mbele ya watu wote. Hesabuni viti kwa orodha ya majina, bandikeni jina kwenye kila kiti. Wimbo wa taifa ujaribiwe kwenye spika jana yake, na jenereta iwe na mafuta. Hotuba 3 zinatosha, dakika 10 kila moja. Rais wa serikali ya wanafunzi asikose nafasi: wanafunzi hao wapya watamwendea yeye kwanza wakikwama.