Kurudisha mierebi kando ya kijito: mwongozo kutoka Wuda Ogwa

Mara ya kwanza nilipofika kwenye kijito cha Battle Creek, kusini-mashariki mwa Idaho, nilikuwa mmoja wa watu wa kujitolea waliokuja kupanda mierebi, ile miti ya kando ya maji ambayo Waingereza huiita willow. Nilichomeka vijiti vyangu, nikapiga picha, nikarudi Salt Lake City nikijiona nimeokoa mto. Siku hizi kazi hii ndiyo riziki yangu, kwenye vijito mbalimbali vya bonde la Bear River, na nimeshajua kwamba siku ile nilifanya sehemu rahisi kuliko zote. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuko wengi huku Utah na Idaho, hasa tuliotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania. Kila vuli kuna ndugu ananiuliza kazi yenyewe inafanywaje. Basi inafanywa hivi.

Hatua ya kwanza: jua uko kwa nani

Neno "kabila" lisikupoteze. Huku Marekani kabila la Wenyeji wa asili ni serikali, lina baraza lake, mwenyekiti wake na ardhi yake. Mwaka 2018 Bendi (yaani kundi) ya Kaskazini-Magharibi ya Taifa la Washoshone, mojawapo ya makabila hayo, ilinunua zaidi ya ekari 500 karibu na mji wa Preston, mahali kijito cha Battle Creek kinapopita, wanapopaita Wuda Ogwa, jina lao la Bear River. Hapo ndipo tarehe 29 Januari 1863 wanajeshi wa kujitolea wa California, chini ya Kanali Patrick Edward Connor, walipovamia kambi ya Washoshone alfajiri na kuua mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo. Kwa muda mrefu tukio hilo liliitwa vita. Mae Timbimboo Parry, aliyetunza masimulizi ya wazee wake, alisimama kidete mpaka likaanza kuitwa kwa jina lake, mauaji ya halaiki.

Kwa hiyo unapochimba hapo unachimba makaburini. Ukigusa mfupa, ushanga au jiwe lililochongwa, chombo chini. Usiokote, usipige picha, mwite msimamizi. Siku hiyo mashimo yakibaki bila miti, na yabaki.

Kumbukumbu hizo hizo ndizo zinazokuambia nini kilikuwa kinaota. Washoshone walichagua bonde lile kwa majira ya baridi kwa sababu lilikuwa na chemchemi za maji moto, na vichaka vya mierebi vilivyokata upepo. Matawi ya mwerebi yaliwafaa kwa vikapu na kwa vibeba watoto, matunda ya cheri pori yalikaushwa yakaliwa baridini. Baadaye wakaja walowezi na ng'ombe na mifereji ya kumwagilia, vichaka vikaisha. Orodha yako ya mimea ianzie kwa wenye kumbukumbu hizo. Nimeona miradi mahali pengine ikianza na katalogi ya kitalu cha biashara, mwisho wake kijito kinapata miti mizuri ambayo hakuna mtu ana habari nayo.

Hatua ya pili: soma maji kabla ya kushika jembe

Bear River ni mto wa ajabu kidogo. Unaanzia milima ya Uinta ndani ya Utah, unazunguka Wyoming na Idaho, kisha unarudi Utah na kumwaga maji kwenye Ziwa Kuu la Chumvi. Hakuna mto unaolilisha ziwa hilo kuliko huu. Novemba 2022 ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu lianze kupimwa, na tangu hapo kila mtu ana hamu ya kujua maji ya vijito kama Battle Creek yanapotelea wapi.

Wewe anza na jambo dogo. Mwishoni mwa Agosti, kiangazi kikiwa kikali, chimba shimo jembamba mita mbili kutoka ukingoni, kama umeshapewa ruhusa. Subiri. Maji yatatokea kina fulani. Pima, andika. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua urefu wa vipandikizi vyako, kwa sababu kitako cha kijiti lazima kifike kwenye unyevu wa mwezi mkavu kuliko yote. Mtu akipima mwezi wa Mei theluji inapoyeyuka, maji yako juu, anadanganyika, na Agosti miti yake inakauka imesimama.

Angalia pia kama kijito kimejichimbia. Kijito kilichonyooshwa kwa ajili ya mashamba hukimbia, hula sakafu yake na kuzama kama mfereji, na maji ya ardhini hushuka nacho. Ukipanda juu ya ukingo wa namna hiyo unapoteza muda wako.

Hatua ya tatu: mzeituni wa Kirusi

Huyu ndiye mvamizi mkuu. Si mzeituni wa kweli, kufanana tu kwa majani na matunda yake ndiko kulikompa jina. Aliletwa Marekani kwa nia njema, kukinga upepo na kupamba nyua, ndege wakamla matunda na kumsambaza kila penye unyevu. Ana miiba inayotoboa glavu, na imeshatoboa tairi za toroli yangu zaidi ya mara moja. Anakunywa maji mengi na kivuli chake kinanyima nafasi mimea ya asili. Washoshone wamekadiria kwamba kazi yao Wuda Ogwa, kung'oa wavamizi kukiwa sehemu kubwa yake, inaweza kurudisha ziwani futi-ekari 13,000 za maji kwa mwaka, yaani mita za ujazo zipatazo milioni 16.

Kumkata peke yake ni kumchekesha. Kisiki huchipua mashina kumi mahali pa moja. Mkate kwa chensoo karibu kabisa na ardhi, kisha ndani ya dakika chache kisiki kipakwe dawa ya kuua magugu kwenye ule mviringo ulio chini ya gome, kwani katikati ni mti mfu. Ukichelewa, jeraha linajifunga na dawa haishuki mizizini. Tumia aina iliyoruhusiwa karibu na maji tu, na mpakaji awe na kibali. Mimi hupenda watu wawili wawili, mmoja akate na mwingine afuate na brashi, na dawa itiwe rangi ili tuone kisiki kilichosahaulika. Fanyeni kuanzia mwisho wa kiangazi mpaka baridi, ndege wakiwa wameshaondoka kwenye viota.

Na msifyeke kilomita nzima kwa mwaka mmoja. Mizizi ya adui huyu bado inashika ukingo. Sehemu mliyofyeka mwaka huu ipate mierebi kwanza.

Hatua ya nne: punguza mwendo wa maji

Hapa mwalimu ni biva, yule mnyama wa majini mwenye mkia bapa na meno ya rangi ya chungwa, anayejenga mabwawa kwa miti. Aliwindwa kwa ajili ya manyoya mpaka akapotea kwenye vijito vingi, na vijito vikaanza kukimbia. Sisi tunamwiga. Pigilia nguzo za mbao kuvuka kijito, zikiachana kama nusu mita, suka matawi kati yake kama unavyosuka fito za ukuta wa udongo, kisha jaza majani makavu, tope na mawe upande maji yanakotoka. Usikandike likazuia maji yote, lipitishe. Jenga kadhaa kwa kufuatana, kwa sababu mafuriko ya theluji yatavunja mojawapo na hilo ni jambo la kawaida. Matawi mabichi ya mzeituni wa Kirusi usiyasukie, yanaweza kuota. Na kibali cha kugusa mkondo wa maji kipatikane kabla nguzo ya kwanza haijaingia.

Tope likianza kujaa nyuma yake na maji ya ardhini yakipanda, sasa panda.

Hatua ya tano: chomeka kama muhogo

Wenzangu wa hapa hufundishwa kuchomeka mierebi kwa michoro. Wewe umelelewa na mama mwenye shamba la muhogo, unajua tayari. Kijiti hakina mizizi, kina macho, na kikiingia ardhini vizuri kinaota.

Tofauti ni majira. Mwerebi hukatwa ukiwa umelala, majani yameshapukutika na macho bado hayajafumuka, kuanzia Novemba hadi Machi. Kata kutoka bonde la mto huo huo, na usichukue zaidi ya theluthi ya kichaka kimoja. Unene wa kidole gumba unatosha, urefu ufuate kile kipimo cha Agosti. Kitako kikate mshazari na kichwa kikate sawa. Faida ya kwanza ni kwamba kinaingia kirahisi, faida ya pili ni kwamba hutapanda kichwa chini. Mimi nilishapanda hivyo, vijiti arobaini, jioni ya baridi nikiwa na haraka. Hakuna hata kimoja kilichonisamehe.

Loweka vitako majini wiki moja hadi mbili. Toboa shimo kwa mtaimbo kwanza, usigonge kijiti kwa nyundo kikapasuka. Theluthi mbili ziwe ardhini, kitako kwenye maji. Kisha shindilia udongo kwa kisigino mpaka kijiti kisichezecheze, kwa sababu hewa iliyobaki shimoni hukausha mizizi michanga.

Vichaka vya cheri pori, karanti ya dhahabu (yenye matunda madogo) na waridi pori hazipandwi hivyo. Hizo zije kwenye vyungu kutoka kitaluni, zipandwe juu kidogo ya ukingo mwezi wa Oktoba, theluji izinyweshee yenyewe.

Hatua ya sita: miaka mitatu ya kurudi

Kama umepanda pia mipopla, ile miti mikubwa ya kando ya mto, izungushie wavu wa chuma, maana biva akirudi hatauliza umepanda kwa ajili ya nani. Ng'ombe wa jirani zuia kwa senyenge. Pita kila kiangazi ung'oe miche ya mzeituni wa Kirusi ingali laini, kwa sababu mbegu zilizobaki ardhini huendelea kuota hata mama yao akiwa amekufa.

Majira ya kuchipua ya kwanza utaona vijiti vingi vimekaa kimya bila jani. Usivivute kujaribu kama vimeshika, utakata mizizi ambayo ndiyo kwanza imetoka. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, funika kwa tope na uende kwenye kijiti kinachofuata.